DAMU YA UKOO NA MARADHI YA KIBOFU



Bedui mmoja alimwendea Bwana Mtume (s.a.w.) akashitaki kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, naye moyoni ameingiwa na shaka. Bwana Mtume akamuuliza rangi za ngamia wake. Akajibu kuwa ni wekundu. Akamuuliza kama miongoni mwao wamo wa kijivu. Akakiri kuwa wamo. Basi hao wametoka wapi? Bedui akasema kuwa labda ni asili ya zamani iliyowavuta. Bwana Mtume akamjulisha kuwa na mwanawe huenda ni vivyo hivyo. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Ndani yake twapata mafunzo mawili: mtoto hurithi yaliyofichika kwa wazee wake, na urithi huo si sababu ya kumtia mtu aibuni.

Mafunzo hayo twayahitaji leo katika khabari ya saratani ya kibofu cha mkojo. Ikimpata mzee, wako wanaonong'ona kuwa ukoo ule una damu mbaya, hata posa zikavunjwa. Na wako vijana wasemao: "Ikiwa imo katika damu itanipata tu, niacheni na sigara yangu." Wote hao wamepotea njia.

Dawa ya isoniazidi ilipoanza kutumika kwa kifua kikuu mwaka 1952, matabibu waliona kuwa miili ya watu wengine huiondoa upesi, na ya wengine hukawia. Kufikia mwaka 1960 ilithibiti kuwa tofauti hiyo ni ya kurithi. Leo yajulikana kuwa yatokana na jeni iitwayo NAT2, ambayo kwayo ini hugeuza baadhi ya sumu. Mwenye kukawia ni yule aliyerithi hali hiyo kwa baba na kwa mama pamoja. Basi upande upi wa ukoo utalaumiwa? Na miongoni mwa Wazungu wenye hali hiyo wakaribia nusu ya watu, na Waafrika wenye nayo pia ni wengi.

Hali hii yadhuru vipi? Mwaka 1895 tabibu Ludwig Rehn wa Frankfurt alieleza saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Sumu za jamii hiyo zimo pia katika moshi wa tumbaku. Huingia katika damu, zikachujwa na figo, kisha zikakaa kibofuni pamoja na mkojo. Ini likikawia kuzigeuza, kibofu huumia zaidi. Utafiti wa Hispania uliotangazwa mwaka 2005, uliohusu wagonjwa zaidi ya 1,000, ulionyesha kuwa khatari ya wenye kukawia huzidi kwa kadiri ya sehemu 40 katika 100, na khasa kwa wavutao sigara. Lakini sigara yenyewe huizidisha khatari mara 3 au zaidi.

Pimeni wenyewe. Urithi ni kama majani makavu uwanjani. Sigara ndiyo kiberiti. Majani hukuyachagua, lakini kiberiti kimo mkononi mwako. Wala kadari si hoja. Sayyidna Umar (r.a.), yapata mwaka wa 18 wa Hijra, aliposikia kuwa tauni imeingia Sham alirudi na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kuwa anaikimbia kadari kuiendea kadari.

Kwetu Unguja, Pemba na pwani, iko njia nyingine ya maradhi haya, nayo ni kichocho. Mwaka 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Ulimwenguni walikihesabu kuwa ni sababu ya saratani ya kibofu. Ndugu watatu wakiugua, watu husema ni ukoo, kumbe ni mto mmoja waliooga utotoni, wenye konokono. Bwana Mtume alitukataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Na kwa mkojo ndipo mayai ya mdudu huyu hufika majini. Kichocho kina dawa, nacho kitibiwe mapema.

Basi, enyi wazazi, msiulize katika posa ni nani aliyekufa kwa kibofu. Ulizeni dini na tabia. Enyi vijana, tupeni sigara, na khasa ikiwa mzee wenu aliugua. Na yeyote aonaye damu katika mkojo, hata mara moja, hata bila ya maumivu, aende hospitali, amweleze tabibu wazi na amtajie jamaa waliopata kuugua. Haya ni katika imani, lakini kumficha tabibu maradhi si haya. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwenyezi Mungu atupe afya na akili ya kuitunza.