Kabla Hujanunua Laptopu Nyingine, Ondoa Tiki Moja

Wafanyabiashara wenzangu wa mtandaoni, leo tuambiane ukweli. Kuna hela zetu zinapotea kwa ugonjwa ambao dawa yake ni bure.

Unafungua Photoshop uediti picha za mzigo mpya. Ukikuza picha, katikati panageuka peusi. Ukisogeza, vinatokea viboksi vya ajabu au mistari inayochezacheza. Kitenge cha kijani kinaonekana cha zambarau. Hapo wengi wanakata tamaa: "Laptopu imekufa." Mwingine anakimbilia kwa fundi, anaambiwa chipu ya grafiki imeungua, ubao mzima ubadilishwe. Mtaji wa mwezi umekwenda.

Msimamo wangu ni huu: usitoe hata shilingi kabla hujaizuia programu kutumia chipu ya grafiki.

Sababu ni hii. Programu za picha zinagawa kazi. Prosesa ya kawaida inafanya hesabu zake, na kazi ya kuchora picha kwenye skrini anapewa chipu ya grafiki ili mambo yaende haraka. Programu na chipu zinaelewana kupitia draiva. Draiva ikiwa ya zamani, au imesasishwa juzi na ina kasoro, picha inachorwa vibaya. Mara nyingi faili lako ni zima kabisa, anayekosea ni mchoraji.

Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Hifadhi nakala ya picha kama JPEG, itume kwenye simu. Ikionekana safi, picha yako ni nzima.

2. Hali mbaya ikiwa bado inaonekana, piga skrinshoti, nayo uitazame kwenye simu. Mistari ikiwemo, mara nyingi shida ni programu au draiva. Isipokuwemo, anza kushuku kioo au waya wake.

3. Ondoa tiki. Kwenye Photoshop ya Windows ingia "Edit", "Preferences", kisha "Performance", uondoe tiki kwenye "Use Graphics Processor". Funga programu, ifungue tena. Lightroom Classic nayo ina "Performance" ndani ya "Preferences". Pale chagua "Off". Kama unatumia Canva au Photopea ndani ya Chrome, nenda "Settings", "System", uzime "Use graphics acceleration when available", halafu uwashe Chrome upya.

4. Picha ikitulia, mwenye makosa umempata. Sasa shughulikia draiva. Ichukue kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu yako, au ya Intel, AMD au NVIDIA kulingana na chipu uliyonayo. Zile programu za mtaani zinazojinadi kurekebisha draiva zote kwa mkupuo mmoja, achana nazo. Kama shida ilianza mara tu baada ya kusasisha, rudisha ya zamani: "Device Manager", "Display adapters", bonyeza jina la chipu yako, "Driver", kisha "Roll Back Driver". Ukimaliza, rudisha tiki ujaribu tena.

Najua wapo watakaosema ukizima chipu programu inakuwa nzito. Ni kweli. Kwenye Photoshop hata baadhi ya vitu havitafanya kazi, kama kuzungusha turubai kwa "Rotate View". Lakini tujiulize, kazi yetu sisi ni ipi? Kukata picha, kuongeza mwanga, kuandika bei. Hayo yote yanafanyika bila chipu ya grafiki. Mpiga picha wa harusi mwenye picha mia nane ana haki ya kulalamika. Wewe unayeposti viatu sita kwa siku, kusubiri sekunde mbili si hasara.

Hasara ni kurekebisha rangi kwa kuiamini skrini inayodanganya. Ukiona kijani kimeingia uzambarau, ukavuta rangi mpaka kwako ikae sawa, kwa mteja umeiharibu. Anapokea mzigo, anasema siyo alichokiona kwenye picha. Anarudisha, nauli ya boda inakuwa juu yako, na jina lako linaanza kusemwa vibaya. Kwa biashara ya mtandaoni, jina ndilo duka lenyewe.

Kwa hiyo skrini ikianza vituko, acha kugusa rangi mpaka uwe umeitazama picha kwenye simu. Na siku ya kuposti mzigo mpya usisasishe draiva wala programu. Sasisha siku ambayo huna oda za haraka, ili mambo yakiharibika uwe na muda wa kuyarudisha.

Sisemi laptopu haziharibiki. Mistari ikionekana tangu unapoiwasha, kabla hata Windows haijafunguka, hapo kifaa chenyewe kina shida, mpelekee fundi. Vilevile Photoshop za karibuni zinataka RAM isiyopungua 8 GB na chipu ya grafiki yenye memori ya 1.5 GB. Mashine yako ikiwa chini ya hapo, tumia programu nyepesi zaidi au panga kununua kwa utulivu, siyo kwa kukurupuka kwa sababu leo picha imecheza.

Utaratibu ukae kichwani: simu, skrinshoti, tiki, draiva, ndipo fundi. Na ukifika kwake, mweleze ulichokwisha kujaribu. Fundi mwaminifu atashukuru umempunguzia kazi. Asiye mwaminifu naye atajua hukuja kichwa kichwa.

Kama kuna mwenzako anatafuta hela ya laptopu mpya wiki hii, mtumie hii kwanza aisome.