Mafunzo ya Afya Vijijini: Kumpeleka Mwanafunzi Hakutoshi

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo ya namna ya kuwapata watumishi wa afya watakaodumu vijijini, likayahuisha mwaka 2021. Mojawapo ni kwamba wanafunzi wa fani za afya wafanye mafunzo kwa vitendo vijijini wangali masomoni. Sababu iko wazi. Hospitali kubwa ya mjini ina madaktari bingwa na akiba ya damu. Kwenye zahanati, muuguzi hupaswa kumtambua mapema mjamzito anayehitaji rufaa, kabla mvua haijakata barabara.

Lakini kumpeleka mwanafunzi si kumfundisha. Akijitafutia chumba na nauli, kisha akatumiwa kuziba pengo la watumishi pasipo msimamizi, atajifunza kukikimbia kijiji. Naye mgonjwa maskini atakuwa ameguswa na mikono isiyoongozwa.

Hospitali nyingi za Kanisa nchini Tanzania zilianzia vijijini, na baadhi zina vyuo vya uuguzi. Basi na tuanzie karibu: mwanafunzi aliyeletwa katika zahanati ya parokia yetu analala wapi, na ni nani anayemwongoza?