Betri kubwa sio lazima iwe bora

 

Leo naomba nigusie ule ubishi wetu tunaorusha ndege za rimoti. Hela ya mchango ipo, inatosha ama betri moja ya 5000 mAh ama mbili za 2200. Wengi mnataka kubwa, eti itakaa hewani zaidi ya mara mbili. Mi nakataa, na hesabu ndio hii.

Chukua ndege ya kilo moja hivi pamoja na betri yake, LiPo ya seli tatu (volti 11.1), 2200 mAh. Mota ikivuta wastani wa ampia 15, na tukitumia asilimia 80 tu ya chaji (LiPo ukiinyonya mpaka mwisho unaiua), tunaruka dakika 7. Sasa weka ya 5000. Kwenye karatasi unapata dakika 16. Tamu, eh? Tatizo betri nayo ni mzigo! Inaongeza kama gramu 200, yaani asilimia 20 ya uzito wa ndege. Kwa mabawa yale yale, nguvu ya kuibeba inapanda kwa kama asilimia 30. Ampia zinafika 20 hivi, na zile dakika 16 zinabaki 12.

Mbili za 2200 je? 7 + 7 = 14. Haya, nani kashinda?

Na dakika sio kila kitu. Ndege nzito lazima iende kasi zaidi ndio mabawa yaibebe, hapa kama asilimia 10, kwa hiyo hata kutua itatua kwa kasi. Uwanja wetu mnaujua ulivyo. Halafu betri kubwa ikikaa puani, kitovu cha uzito kinasogea mbele. Na siku ikigonga chini ikavimba, mchango wote kwisha habari! Zikiwa mbili, walau unabaki na moja.

Kuna atakayesema kubwa inatoa ampia nyingi. Kweli, lakini hebu soma namba ya C: 2200 ya 25C inaruhusu mpaka ampia 55. Hatuzifikii hata tukifungulia mota mpaka mwisho.

Siidharau ya 5000, ina ndege zake zenye mabawa ya kuibeba. Yetu sio mojawapo. Jamani, tuanze na mzani, mAh baadaye.

Naomba kutoa hoja.