TAHARIRI: Bati Lililotoboka na Kamati Isiyoulizwa

Katika miaka ya karibuni macho ya wengi yameelekezwa kwenye madarasa mapya, na si bila sababu. Sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, uliotolewa kwa ajili ya kukabiliana na Uviko-19, ilijenga nchini Tanzania madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Tunaishukuru Serikali kwa hayo. Lakini swali letu linahusu jengo lililo upande wa pili wa kiwanja, lile la zamani, ambalo sakafu yake imechimbika na mbao za paa zimeliwa na mchwa. Hilo hutengenezwa na nani, na kwa fedha zipi?

Jibu lilitolewa mwaka 2002 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Ada ilikuwa imefutwa mwaka uliotangulia, na wanafunzi waliokuwa milioni 4.4 hivi mwaka 2000 walizidi milioni 7 ilipofika 2005. Kila mmoja alipangiwa ruzuku ya dola 10 kwa mwaka, ambazo kwa wakati ule zilikaribia shilingi 10,000. Dola nne zilikuwa za vitabu, mbili za kukarabati majengo, na zilizosalia za vifaa vya kuandikia, mitihani na utawala. Fedha za ukarabati hazikuwekwa mikononi mwa mhandisi wa wizara. Zilikabidhiwa kamati ya shule, ambayo wajumbe wake ni wazazi na katibu wake ni mwalimu mkuu. Na tangu Januari 2016, elimu ilipotangazwa kuwa bila malipo, ruzuku ilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule.

Utaratibu huo ni mwema, nasi tunautetea. Anayekaa karibu na paa ndiye ajuaye linavuja wapi. Kasoro imo katika kiasi. Kwa mpango ule wa mwanzo, shule ya wanafunzi 600 ingepata kama shilingi 1,200,000 za ukarabati kwa mwaka mzima, tena iwapo fedha zimefika zote na kwa wakati. Mwaka 2016 kiwango kilichotajwa kwa mwanafunzi kilikuwa kilekile, shilingi 10,000, hali dola moja ilikuwa imevuka shilingi 2,100. Ruzuku ya dola 10 ilikuwa imegeuka kuwa ya dola zisizofika tano, bila ya mtu yeyote kutia saini kwamba imepunguzwa. Saruji, bati na misumari havikusubiri.

Pengo hilo zamani lilizibwa kwa michango. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango mashuleni, na wazazi wengi walifurahi, maana wapo watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu yake. Hata hivyo baadhi yetu tulielewa zaidi ya kilichosemwa. Tulidhani kwamba hata kuhudhuria kikao cha kamati si kazi yetu tena.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko uchache wa fedha. Ujenzi na ukarabati mwingi sasa hufanywa na mafundi wa mahali hapo, kwa utaratibu ambao watu huuita fosi akaunti. Panaundwa kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, na wajumbe hutoka miongoni mwa wakazi. Shule huokoa fedha ambazo zingekuwa faida ya mkandarasi. Lakini mkandarasi alikuwa na mkataba na dhamana. Fundi wetu ana simu tu. Mjumbe wa kamati ya mapokezi asiyehesabu mifuko inaposhushwa, akatia saini kwa kumwonea haya jirani yake, amewafungulia mlango wezi, hata kama yeye mwenyewe hakuchukua shilingi.

Ndugu waumini, misikiti yetu mingi hujengwa na kutengenezwa kwa namna hiyohiyo. Mweka hazina husimama baada ya sala akasoma kilichopatikana na kilichotumika, na akikosea mia mbili, wazee humrekebisha hapohapo. Watu hawa hawa, Jumatatu wakipita shuleni, hawaulizi lolote. Tumeshindwa kuelewa sababu, kwani watoto wanaokaa chini ya bati lile ni wa kwetu.

MMEM uliagiza mapato na matumizi ya shule yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Kabla ya mvua za masika kuanza, mzazi aende akautazame ubao huo. Ukiwa mtupu, amwombe mwalimu mkuu kwa adabu hesabu za ruzuku na stakabadhi zake, na ajue fundi ni nani. Kisha apite chooni akahesabu matundu: kiwango cha taifa ni tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Akiwa na hesabu hizo mkononi, alifikishe jambo hilo katika mkutano wa wazazi, na asiende peke yake.