Mbwa wa Jirani Hamalizwi kwa Risasi

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyoanzishwa mwaka 1958, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali hukaa ua kwa ua. Mbwa amlindiaye Mkongo mbuzi usiku humuudhi jirani Msomali, kwani katika madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba. Ugomvi ukifika kituoni, huenda askari akaombwa bunduki.

Ombi hilo likataliwe, ijapokuwa kwetu tuliofunzwa bunduki kwanza ni mtihani. Kichaa cha mbwa, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, huua watu wapatao 59,000 kila mwaka. Kinga yake ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali. Risasi humwondoa hata aliyechanjwa, na nafasi yake hushikwa na asiyechanjwa. Basi askari aulize kwanza: mwenye mbwa ni nani, mbwa alichanjwa lini, hufungwa saa ngapi? Yaliyobaki watayasuluhisha viongozi wa wakimbizi.

Aliyeumwa hangoji usuluhishi. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji dakika 15, kisha apelekwe akachanjwe siku hiyo hiyo, hata ikibidi kwenda Mbarara.