Kupima Shinikizo la Ubongo kwa Kupitia Jicho

Mtoto mwenye malaria kali anapopoteza fahamu huko Nyakunguru, wilayani Tarime, au kijana anapoanguka na pikipiki akaumia kichwa, mganga hana budi kujiuliza: je, ubongo umevimba? Fuvu ni mfupa usiotanuka. Ubongo ukivimba, au damu ikivujia ndani, shinikizo hupanda na damu safi hushindwa kuingia. Uchunguzi wa Malawi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kati ya watoto 25 waliofariki kwa malaria ya ubongo, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo.

Njia ya hakika ya kupima shinikizo hilo ni kutoboa fuvu na kuingiza kipimo, nayo ni kazi ya daktari bingwa. Hata hivyo, ipo njia isiyojeruhi. Neva ya jicho imo ndani ya ala iliyoungana na utando wa ubongo. Shinikizo likipanda, majimaji husukumwa humo na ala hutanuka. Kwa mashine ya altrasaundi iliyowekwa taratibu juu ya ukope uliofumbwa, upana wa ala hupimwa milimita 3 nyuma ya jicho. Kwa mtu mzima, ala inayozidi milimita 5 au 6 huleta shaka. Jicho lililopasuka lisiguswe.

Altrasaundi si ngeni. Wajawazito huchunguzwa kwayo. Ikipata kifaa cha kugusia kinachofaa, kinachobaki ni ujuzi.

Wapo watakaosema kwamba kipimo hiki si kamili. Ni kweli. Wataalamu hawajaafikiana juu ya mpaka mmoja, na mkono usiozoea hukosea, ilhali kosa la nusu milimita hubadili jibu. Hiyo si sababu ya kukiacha. Ni sababu ya kuwafundisha waganga wa wilaya, na ya vyuo vikuu kupima ala za Watanzania wenye afya, wakubwa kwa watoto, ili mpaka unaowafaa ujulikane.

Safari ya kutoka Tarime hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza, ni ya saa nyingi. Kipimo cha dakika chache hakiponyi, wala ala nyembamba isimtulize mganga iwapo mgonjwa anazidi kulegea. Lakini panapokuwa na gari moja na wagonjwa wawili, humsaidia kuamua nani atangulie.