Kitambulisho Chako Kikae Kwako

Kazi ikitangazwa hapa Kisumu, utaona jambo lilelile. Mwajiri anataka kitambulisho, PIN ya KRA na cheti cha tabia njema kwenye PDF moja. Basi kijana anaingia saiba Kondele, ama anachoma bando lake, anatafuta tovuti ya kuunganisha PDF bure, kisha anaimwagia maisha yake yote. Tovuti ni ya nani? Seva iko wapi? Hajui, na wala haulizi.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, sawa. Lakini faili uliyoituma kwa mkono wako mwenyewe, nani atakurudishia?

Na kazi yenyewe kompyuta yako inaiweza bila intaneti. Kwenye Linux, sakinisha poppler-utils mara moja tu, fungua terminali, uandike:

pdfunite kitambulisho.pdf kra.pdf cheti.pdf ombi.pdf

Bonyeza Enter. Imeisha. Jina la mwisho ndilo la faili mpya, kwa hivyo usiweke hapo jina la faili uliyo nayo tayari.

"Aah, hizo ni vitu za mahaka." Mahaka gani? Mama anayeuza samaki Dunga anabonyeza *144# kuangalia salio. Wewe unabonyeza *544# kununua bando. Teknolojia ni tofauti, lakini tabia ni moja: mlikariri amri fupi kwa sababu ina faida. Hakuna aliyewapeleka chuo kwanza.

Mimi chuo niliacha kabla ya kumaliza, na ninakula kwa kuandika. Nalipwa kwa neno, kwa hivyo wc -w makala.txt ndiyo mizani yangu. Stima ikipotea Nyalenda na waifai ife nayo katikati ya kupakua faili kubwa, wget -c inaendelea palepale ilipokatikia, mradi seva inaruhusu. Grep, ambayo iko tangu miaka ya 1970, inanitolea jina moja kutoka kwa maelfu ya mistari kabla chai haijapoa. Zote ni za bure, na zote zinakimbia kwenye laptopu ya mtumba.

Anayekuambia kompyuta ni ya kubofya tu anakutaka ubaki mteja. Leo anakufanyia bure, kesho analipisha kwa mwezi, na stakabadhi zako anazo.

Wiki hii jifunze amri moja. Moja tu. Halafu mfundishe jirani yako kabla hajaenda saiba.